Kuwekea mipaka matumizi na deni la serikali ya Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanatetea msimamo mmoja: deni la serikali ya shirikisho ya Marekani linakua haraka kuliko uchumi unaolibeba, na dawa yake ni kuweka kikomo kwenye kasi ya ukuaji wa matumizi, mapema na kwa taratibu, kikiwa kinagusa pensheni na afya na si ofisi za serikali peke yake. Takwimu ni za mwaka wa fedha 2024, ulioanza 1 Oktoba 2023 na kuishia 30 Septemba 2024, isipokuwa pale tunapotaja mwaka mwingine.

## Misingi

1. Nakisi na deni vinatofautiana vipi?

Nakisi ni pengo la mwaka mmoja kati ya mapato na matumizi. Deni ni mkusanyiko wa nakisi zote ambazo hazijalipwa. Mwaka 2024 serikali ilikusanya takriban dola trilioni 4.92 na kutumia trilioni 6.75. Nakisi ikawa trilioni 1.83, sawa na kukopa karibu dola bilioni 5 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Wanasiasa hupenda kuchanganya mambo haya mawili. Nakisi ilishuka kutoka trilioni 3.1 mwaka 2020 hadi karibu trilioni 1.4 mwaka 2022, na kuna waliosema deni limepunguzwa. Halikupunguzwa hata dola moja. Liliendelea kupanda, ila kwa kasi ndogo zaidi.

2. Kwa nini wengine wanasema deni ni trilioni 35 na wengine trilioni 28?

Zote mbili ni sahihi kwa mwisho wa Septemba 2024. Trilioni 28 na ushei ni deni lililo mikononi mwa wawekezaji: benki, mifuko ya pensheni, nchi za nje, watu binafsi na Benki Kuu ya Marekani. Trilioni 7 zilizobaki ni fedha ambazo serikali inaidai serikali yenyewe, hasa kupitia mfuko wa pensheni uitwao Hifadhi ya Jamii. Anayetaka kujua deni linavyogusa riba na soko aangalie tarakimu ndogo. Anayetaka kujua ahadi ambazo Kongresi imeshajifunga nazo aangalie kubwa. Ndani ya majibu haya, tukisema deni ni sawa na asilimia fulani ya pato la taifa, tunamaanisha lile la wawekezaji.

3. Serikali inakopa vipi hasa?

Wizara ya Fedha huendesha minada ya hati za mkopo karibu kila wiki. Dhamana za muda mfupi ni za wiki 4 hadi 52, hatifungani za muda wa kati ni za miaka 2, 3, 5, 7 na 10, na za muda mrefu ni za miaka 20 na 30. Wawekezaji wakubwa hutaja riba wanayoitaka. Zabuni huchukuliwa kuanzia riba ya chini kwenda juu mpaka kiasi kinachohitajika kitimie, kisha washindi wote hupewa riba ya zabuni ya mwisho iliyokubaliwa. Mtu wa kawaida anaweza kuanza na dola 100 kupitia tovuti ya TreasuryDirect, kwa kukubali riba yoyote itakayopatikana.

Jambo linalosahaulika ni kwamba hatifungani ikiiva, yaani muda wake wa kulipwa ukifika, hailipwi kwa kodi. Hulipwa kwa kuuza hatifungani nyingine. Chukua hatifungani ya miaka 5 iliyotolewa Julai 2020, wakati wa korona, kwa riba ya asilimia 0.25. Kwa kila dola bilioni 50, serikali ililipa riba ya dola milioni 125 kwa mwaka. Ilipoiva Julai 2025, riba ya miaka 5 ilikuwa karibu asilimia 4. Dola bilioni 50 zilezile sasa zinahitaji kama dola bilioni 2 kwa mwaka, mara 16, bila barabara mpya, bila dawa, bila askari hata mmoja kuongezwa. Sehemu kubwa ya deni huiva kila mwaka, kwa hiyo badiliko la namna hii linaendelea kila wiki.

4. Fedha zinakwenda wapi?

Hifadhi ya Jamii, yaani pensheni ya wazee na mafao ya walemavu na warithi, ilichukua takriban trilioni 1.45. Medicare, bima ya afya ya wazee, ilichukua karibu bilioni 870 baada ya kutoa michango ya wazee wenyewe. Medicaid, bima ya watu wa kipato cha chini, ilichukua zaidi ya bilioni 600. Ulinzi ni kama bilioni 850, na riba ya deni, baada ya kutoa riba inayoingia serikalini, ni karibu bilioni 880.

Mgawanyo wenye maana zaidi ni huu: karibu trilioni 4.1 zilikuwa matumizi yanayojiendesha. Sheria inasema nani anastahili nini, na hundi hutoka bila Kongresi kupiga kura. Matumizi yanayopitishwa kila mwaka, ulinzi ukiwemo, yalikuwa karibu trilioni 1.8 tu. Kila mjadala mkali wa bajeti mnaousikia kutoka Washington ni kuhusu robo hiyo na kidogo.

5. Si ndiyo China inayoidai Marekani?

China inadai, lakini si mdai mkuu. Japani ndiyo inayoongoza kwa nchi za nje, ikiwa na zaidi ya dola trilioni 1. China iliwahi kushika takriban trilioni 1.3 mwaka 2013 na imekuwa ikipunguza tangu hapo. Sehemu kubwa ya deni la wawekezaji, kama asilimia 70, iko ndani ya Marekani.

Kutokana na hilo wapo wanaosema "tunajidai wenyewe, hakuna shida". Lakini anayelipwa riba na anayelipa kodi si mtu yuleyule. Mwenye hatifungani nyingi ni mwenye akiba nyingi. Deni likikua, mshahara wa fundi wa Ohio unakatwa kodi ili mwenye hatifungani alipwe riba yake.

## Kwa nini kuweka mipaka

6. Marekani imekuwa na deni tangu kuanzishwa. Sasa kimebadilika nini?

Zamani deni lilipanda kwa vita au mdororo mkubwa, kisha likashuka. Rais Andrew Jackson alilimaliza lote Januari 1835. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia lilifika asilimia 106 ya pato la taifa mwaka 1946, na kufikia 1974 lilikuwa limeshuka hadi karibu robo ya pato hilo. Mwaka 2007 lilikuwa asilimia 35. Mwaka 2024 lilifika takriban asilimia 98.

Wengi hutaja 1946 kama ushahidi kwamba deni kubwa huyeyuka lenyewe. Angalieni lilivyoyeyuka. Matumizi yalianguka kutoka dola bilioni 92.7 mwaka 1945 hadi chini ya bilioni 35 mwaka 1947, kwa sababu vita ilikwisha na askari wakarudi nyumbani. Benki Kuu ilishikilia riba chini hadi 1951, na mfumuko wa bei ukala sehemu ya akiba za wenye hatifungani. Leo kinachosukuma deni ni uzee na gharama za matibabu. Hivyo havina siku ya kutia saini mkataba wa amani.

Nakisi ya 2024 ilikuwa zaidi ya asilimia 6 ya pato la taifa, mwaka ambao hapakuwa na vita kuu, uchumi ulikua na ukosefu wa ajira ulikuwa karibu asilimia 4. Kama wakati wa neema tunakopa hivyo, wakati wa dhiki tutaanzia wapi?

7. Riba ina uzito gani?

Katika kila dola 1 ya mapato ya 2024, senti 18 zilikwenda kwenye riba. Riba imeipita bajeti ya ulinzi. Na tofauti na matumizi mengine, haiwezi kusogezwa mwaka ujao wala kujadiliwa, na ikikosa fedha inalipwa kwa mkopo mpya, ambao nao unazaa riba.

Kuna madhara mengine yasiyoonekana kwenye hesabu za serikali. Akiba inayonunua hatifungani haiwi tena mtaji wa kiwanda au nyumba. Ofisi ya Bajeti ya Kongresi, ambayo haina chama, hukadiria kwamba kila dola ya ziada ya nakisi hupunguza uwekezaji binafsi kwa senti 33. Mtaji mdogo maana yake tija ndogo, na mwishowe mishahara midogo kuliko ambayo ingekuwa.

8. Serikali si kama kaya. Inachapisha fedha yake yenyewe, itafilisika vipi?

Ni kweli, haiwezi kulazimishwa kukosa dola. Hoja ya mipaka haitegemei kufilisika. Kuchapisha dola hakuchapishi madaktari, saruji wala umeme. Matumizi yakizidi uwezo wa uchumi kuzalisha, bei hupanda. Mfumuko wa bei wa Marekani ulifika asilimia 9.1 Juni 2022. Sababu zilikuwa nyingi, ikiwemo minyororo ya ugavi iliyokatika na vita ya Ukraine, lakini mpango wa dola trilioni 1.9 wa Machi 2021, uliomwagwa juu ya uchumi uliokwisha kuanza kuinuka, ulichangia. Mfumuko ni kodi ambayo haikupigiwa kura, na anayeilipa zaidi ni mwenye mshahara usiobadilika.

9. Mbona Japani ina deni la zaidi ya asilimia 200 na haijaanguka?

Japani kwa miongo mingi ilikopa kutoka kwa wananchi wake wenyewe kwa riba iliyokaribia sifuri, na ina mali nyingi nje ya nchi. Marekani inategemea wageni kwa karibu theluthi ya deni lake na inalipa riba ya asilimia 3 hadi 4. Isitoshe, Japani haikuanguka lakini pia haikukua kwa namna ambayo mtu angeitamani.

10. Hili linamhusu nini mtu aliye Nairobi au Dar es Salaam?

Riba ya hatifungani za Marekani ndiyo sakafu ya riba za dola duniani. Mwekezaji akipata zaidi ya asilimia 4 Washington bila wasiwasi, Kenya itabidi impe zaidi sana. Kenya ilikuwa na hatifungani ya dola bilioni 2 iliyotolewa 2014 kwa riba ya asilimia 6.875, ikitakiwa kulipwa Juni 2024. Februari 2024 ilikopa dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu kubwa ya hiyo ya zamani, na gharama ikazidi asilimia 10. Kenya ina makosa yake katika deni lake, na Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kupambana na mfumuko wa bei. Lakini mkopaji mkubwa kuliko wote akirudi sokoni kila wiki, wadogo walio nyuma yake kwenye foleni hulipa zaidi.

## Njia za mkato zinazopendekezwa

11. Si tukimaliza ubadhirifu na wizi tatizo litakwisha?

Ubadhirifu upo na unapaswa kukomeshwa. Ofisi ya Ukaguzi ya serikali ilikadiria malipo yasiyo sahihi ya dola bilioni 162 kwa mwaka 2024: mtu asiyestahili kulipwa, kiasi kilichozidi, au nyaraka zisizotosha kuthibitisha. Hata kama yote yangezuiwa, ni chini ya asilimia 10 ya nakisi, na si yote ni hasara halisi.

Kufukuza watumishi nako kuna ukomo wake. Mishahara na marupurupu ya watumishi wote wa kiraia ni kama dola bilioni 300 kwa mwaka. Mwaka 2025 kulikuwa na kampeni kubwa ya kupunguza wafanyakazi na kufuta mikataba, lakini matumizi ya mwaka wa fedha 2025 yalipanda hadi kama trilioni 7. Pensheni, afya na riba vilikuwa vikiendelea kujiendesha (rudi swali la 4).

12. Na misaada ya nje?

Ni kama asilimia 1 ya bajeti. USAID, shirika la Marekani la misaada ya maendeleo, ilifungwa rasmi 1 Julai 2025, na zahanati za Tanzania, Uganda na Kenya zilizotegemea dawa za virusi vya UKIMWI kupitia mpango ulioanzishwa 2003 zilitikisika vibaya. Kwenye nakisi ya Marekani hakuna kilichoonekana. Tunaotetea mipaka tunapaswa kulisema hili waziwazi: kukata penye watetezi wachache si nidhamu ya bajeti.

13. Kwa nini wasiongeze kodi tu, au ushuru wa forodha?

Kodi inaweza kuwa sehemu ya jibu. Lakini tazama pengo limetokea upande gani. Mapato ya 2024 yalikuwa karibu asilimia 17 ya pato la taifa, yaani yaleyale ya wastani wa miaka 50 iliyopita. Matumizi yalikuwa zaidi ya asilimia 23, wakati wastani wake ni 21. Na matumizi ndiyo yaliyopangiwa kuendelea kupanda, kwa sababu wazee wanaongezeka. Kodi ikipanda mara moja huku matumizi yakipanda kila mwaka, baada ya muda pengo linarudi palepale.

Ushuru wa forodha uliingiza takriban dola bilioni 195 mwaka wa fedha 2025, kutoka bilioni 77 mwaka uliotangulia. Ni ongezeko kubwa, na bado nakisi ilikaribia trilioni 1.8.

Tunasema vilevile kwa upande wa pili: kupunguza kodi bila kupunguza matumizi ni kukopa. Sheria kubwa ya kodi iliyosainiwa 4 Julai 2025 ilikadiriwa na Ofisi ya Bajeti ya Kongresi kuongeza nakisi kwa trilioni 3.4 katika miaka 10.

## Mipaka iliyojaribiwa na inayofaa

14. Si tayari kuna ukomo wa deni?

Upo, na ni chombo kibaya. Asili yake ni sheria ya hatifungani za vita ya 1917, na ukomo wa jumla uliwekwa 1939. Unazuia kukopa kwa ajili ya matumizi ambayo Kongresi imeshayaamuru. Bunge linaagiza chakula, linakula, kisha linajadiliana kama lilipe.

Deni likigota kwenye ukomo, Wizara ya Fedha huanza hatua za dharura za kihasibu, kama kusimamisha kwa muda uwekezaji wa mfuko wa akiba za watumishi wa serikali. Hatua hizo hununua wiki au miezi. Baadaye Kongresi hupandisha ukomo, kama ilivyofanya mara zaidi ya 70 tangu 1960. Julai 2025 ulipandishwa kwa trilioni 5, hadi trilioni 41.1. Mvutano wa 2011 uliifanya kampuni ya kupima uwezo wa wakopaji kulipa, Standard & Poor's iishushe Marekani daraja tarehe 5 Agosti mwaka huo; Fitch ikafuata Agosti 2023 na Moody's Mei 2025. Kikomo cha kweli lazima kiwekwe kabla ya kutumia.

15. Shughuli za serikali zikifungwa, fedha zinaokolewa?

Hapana. Kufungwa hutokea Kongresi inaposhindwa kupitisha bajeti za mwaka kufikia 1 Oktoba; hakuhusiani na ukomo wa deni. Mwaka 2025 shughuli zilifungwa siku 43, kutoka 1 Oktoba hadi 12 Novemba. Watumishi hulipwa malimbikizo yao baadaye, kwa hiyo serikali huishia kulipia kazi ambayo haikufanyika.

16. Sheria gani za kuweka mipaka zimejaribiwa, na zilikwama wapi?

Tatu zinastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu kila moja ina somo lake.

Sheria ya Gramm-Rudman-Hollings ya 1985 iliweka shabaha ya nakisi ya kila mwaka, ifike sifuri 1991. Ilikosea kwa kulenga nakisi yenyewe. Nakisi inategemea hali ya uchumi, jambo ambalo Kongresi haiongozi. Kwa hiyo wabunge walitimiza shabaha kwenye makaratasi: makadirio ya matumaini yaliyopita kiasi, na hata kusogeza siku ya mishahara ya wanajeshi ili iangukie mwaka mwingine wa fedha. Shabaha zilishindwa na zikaachwa.

Sheria ya 1990 ilijifunza. Iliweka kikomo cha dola kwenye matumizi yanayopitishwa kila mwaka, na kwa yale yanayojiendesha ikaweka kanuni rahisi: ukiongeza mafao au ukipunguza kodi, onyesha pa kufidia. Wabunge waliwajibika kwa maamuzi yao tu, si kwa mdororo. Iliongezewa muda 1993 na 1997. Bajeti ilipata ziada miaka minne mfululizo, 1998 hadi 2001. Ile ya 2000 ilikuwa dola bilioni 236. Haki isemwe: kukua kwa uchumi, mapato ya soko la hisa na kupungua kwa bajeti ya ulinzi baada ya Vita Baridi vilisaidia sana. Lakini kanuni ilizuia ziada isitafunwe mapema. Ilipoanza kukiukwa na hatimaye kuisha muda wake 2002, ziada ilikuwa imekwisha.

Sheria ya 2011 ilirudisha vikomo, ila kwa ile robo ya bajeti inayopitishwa kila mwaka pekee. Fedha za vita ziliwekwa nje ya kikomo, na mfuko huo wa vita ukageuka mlango wa nyuma wa kulipia mambo ya kawaida ya jeshi. Vikomo vilipandishwa 2013, 2015, 2018 na 2019. Pensheni na Medicare ziliendelea kukua karibu bila kuguswa.

17. Basi kikomo kizuri kinapaswa kuwa na nini?

Kilenge matumizi, si nakisi. Kihesabu matumizi yote isipokuwa riba, yakiwemo yanayojiendesha. Kiruhusu ukuaji wa kasi ndogo kuliko uchumi. Na mlango wa dharura uwepo, lakini mzito: kura nyingi kuliko wingi wa kawaida wa nusu, muda maalumu, na ratiba ya kurudisha kilichozidi.

Uswisi inakaribia mfano huu. Wananchi waliipitisha breki ya deni kwa asilimia 85 ya kura Desemba 2001, ikaanza kutumika 2003. Matumizi hufungwa kwenye mapato yaliyosawazishwa kwa hali ya uchumi: mwaka mbaya serikali inaruhusiwa kuzidisha, mwaka mzuri inatakiwa kubakiza. Kilichozidi huandikwa kwenye hesabu maalumu na hufidiwa miaka inayofuata. Tangu hapo deni la serikali kuu ya Uswisi limeshuka likilinganishwa na uchumi wake. Ujerumani nayo iliweka breki kwenye katiba 2009, ngumu zaidi, na Machi 2025 ililazimika kuilegeza kwa ajili ya ulinzi na miundombinu. Breki isiyo na nafasi ya kupumua huvunjwa.

18. Kwa hesabu, je, lazima watu wakatwe kwa kiasi kikubwa?

Hapana, na hapa ndipo wengi hushangaa. Anza na tarakimu za 2024. Tuseme mapato yanakua asilimia 4 kwa mwaka, sambamba na uchumi pamoja na bei, na matumizi yote, riba ikiwemo ili kurahisisha hesabu, yanaruhusiwa kukua asilimia 2. Baada ya miaka 10 mapato ni trilioni 7.28 na matumizi trilioni 8.23. Nakisi imeshuka hadi chini ya trilioni 1, kama asilimia 2.2 ya pato la taifa. Hakuna mwaka ambao matumizi yalipungua. Yaliongezeka kwa karibu trilioni 1.5.

Bajeti haihitaji hata kusawazika kabisa. Deni likiwa sawa na uchumi mzima, na uchumi ukikua asilimia 4 pamoja na bei, nakisi ya asilimia 4 hulifanya deni lisimame palepale, na ya asilimia 3 hulishusha. Nakisi ya sasa ya zaidi ya 6 hulipandisha.

Ugumu ni kwamba asilimia 2 haitoshi kwa pensheni na afya kama sheria zilivyo. Ndiyo maana swali la 21 haliepukiki. Na angalizo la lugha ya Washington: "kupunguza" huko mara nyingi humaanisha kukua polepole kuliko makadirio, si kushuka. Ukisikia programu imekatwa bilioni 100, uliza kama ni kwa mwaka au miaka 10, na ikilinganishwa na nini.

19. Kwa nini wasiandike kwenye katiba?

Inahitaji theluthi mbili ya kura katika kila moja ya mabaraza mawili ya Kongresi, kisha majimbo 38 kati ya 50. Katika miaka ya 1990 Seneti ilikaribia mara mbili: 1995 na 1997, kila mara ikikosa kwa uzito wa kura moja. Tunaona sheria nzuri ya kawaida inafika haraka zaidi, na katiba inayodai mizania kila mwaka inarudia kosa la 1985.

20. Mdororo ukija, mipaka si itaumiza zaidi?

Ikiwa imeandikwa vibaya, ndiyo. Mdororo ukija mapato hushuka na bima ya ukosefu wa ajira hupanda. Kikomo kisizuie hayo mawili. Hatupingi kukopa 2009 wala 2020. Tunapinga kukopa 2019 na 2024 kana kwamba ni 2009. Serikali yenye deni la asilimia 35, kama 2007, ilikuwa na nafasi ya kukopa bila soko kushtuka.

## Pensheni na afya

21. Ni kweli Hifadhi ya Jamii itafilisika 2033?

Haitafilisika, itapungukiwa. Michango ya wafanyakazi huendelea kuingia. Ripoti ya wadhamini ya 2025 inasema akiba ya mfuko wa wazee itakwisha 2033, na kuanzia hapo michango itatosha kulipa asilimia 77 ya mafao. Sheria ikibaki ilivyo, kila mstaafu, tajiri na maskini, atakatwa karibu robo kwa siku moja. Sababu ni hesabu ya watu: mwaka 1960 kulikuwa na wachangiaji 5 kwa kila mpokeaji, sasa hawafiki 3.

Mfano wa kufuata upo. Mwaka 1983 Kongresi ilipandisha umri wa pensheni kamili kutoka 65 hadi 67, lakini badiliko lilianza kwa waliozaliwa 1938 na kukamilika kwa waliozaliwa 1960. Waliokuwa karibu kustaafu hawakuguswa, na vijana walipata miongo ya kujipanga. Leo njia zilizopo ni kupunguza kasi ya ukuaji wa mafao ya wenye kipato cha juu, kuendelea kusogeza umri kidogokidogo huku wanaofanya kazi ngumu za mikono wakilindwa, na kupandisha kiwango cha mshahara kinachokatwa michango. Kila mwaka unaopita unafanya kila njia kuwa kali zaidi.

22. Na Medicare ipunguzwe wapi bila kumwacha mgonjwa?

Anzeni kwenye bei inayolipwa, si kwenye huduma. Medicare hulipa zaidi kwa huduma ileile ikifanyika kwenye kliniki inayomilikiwa na hospitali kuliko kwenye ofisi ya daktari binafsi. Na tume inayoishauri Kongresi ilikadiria kwamba mwaka 2025 mipango ya bima binafsi ndani ya Medicare ingegharimu dola bilioni 84 zaidi ya ambazo zingetumika kwa wagonjwa walewale chini ya utaratibu wa kawaida.

## Maswali ya pembeni

23. Nimetoka Afrika Mashariki, nafanya kazi Marekani. Makato yangu yanapotea?

Kwenye mshahara wa dola 1,000, dola 62 hukatwa kwa Hifadhi ya Jamii na 14.50 kwa Medicare, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Pensheni inahitaji alama 40, kwa kawaida miaka 10 ya kazi. Asiye raia anayehamia nje ya Marekani ana masharti ya ziada, ayaulizie kabla ya kuondoka. Fedha hizo haziwekwi kwenye akaunti yako. Zinawalipa wastaafu wa leo. Ndiyo sababu swali la 21 linakuhusu kuliko linavyomhusu mzee aliyekwisha kustaafu.

24. Majimbo yanawezaje kusawazisha bajeti zao?

Karibu yote isipokuwa Vermont yana sharti la aina hiyo. Lakini hukopa kwa ujenzi nje ya bajeti ya kawaida, na hupokea fedha nyingi za shirikisho, hasa za Medicaid. Sehemu ya mizania yao inasimama juu ya nakisi ya Washington.

25. Je, sarafu ya platinamu ya trilioni 1 inaweza kulipa deni?

Sheria inaruhusu Wizara ya Fedha kutengeneza sarafu za platinamu za thamani yoyote, kwa hiyo wazo hili hurudi kila ukomo wa deni unapokaribia. Ni uchapishaji wa fedha kwa jina jingine. Jibu ni la swali la 8.

26. Msukosuko utakuja lini?

Hakuna asilimia ya deni ambayo ikivukwa soko huvunjika. Uingereza ilikuwa na deni karibu na pato lake la taifa serikali ya Liz Truss ilipotangaza punguzo la kodi lisilo na fidia tarehe 23 Septemba 2022. Siku tano baadaye Benki Kuu ya Uingereza ililazimika kununua hatifungani ili mifuko ya pensheni isianguke, na kabla ya Oktoba kuisha waziri mkuu alikuwa ameondoka. Juma moja kabla ya tangazo hilo hakuna aliyeweza kuitaja siku hiyo.

Anayetaka kufuatilia Marekani aangalie mambo matatu. Taarifa ya mwezi ya Wizara ya Fedha hutoka kwa kawaida siku ya nane ya kazi ya kila mwezi. Linganisha riba na mapato, uone kama zile senti 18 zinapanda. Angalia matokeo ya minada ya miaka 10 na 30: riba iliyopatikana ikizidi ile iliyotarajiwa sokoni dakika chache kabla, mnada baada ya mnada, wanunuzi wanadai zaidi. Na sheria mpya ikipita, soma makadirio ya Ofisi ya Bajeti ya Kongresi kabla ya kusikiliza hotuba, hasa mstari unaoonyesha mambo yaliyowekewa muda mfupi ili gharama ionekane ndogo.